Dakika arobaini za upande mmoja

Baba,

Nakuita hivyo kwa kuwa jina la babangu uko nalo, na sitaacha hata ukifika miaka hamsini na kitambi juu.

Ujumbe wako ulinikuta jana nikipara samaki, mikono yote magamba, kwa hivyo dadako ndiye aliyenisomea. Alicheka mpaka akatafuta pa kuketi. Unasema Jumamosi mlibishana kwa kinyozi hapo Nakuru hadi mteja akasahauliwa kitini na nusu ya kichwa: mmoja anaapa kwamba Illmatic ya Nas, yule rapa wa Marekani, ndiyo albamu bora ya hip hop tangu hip hop izaliwe, mwingine anasema hizo ni sifa za wazee wanaolilia ujana wao. Wewe ukanunua bando, ukaisikiliza mara mbili, na mara ya pili ukalala. Sasa unaniuliza: "Mama, si wewe ndiye uliyekuwa ukirekodi kaseti hapo Kibuye, Kisumu? Mlisikia nini ambacho mimi sisikii?"

Nimejaribu kukujibu kwa simu nikafuta mara tatu. Nimechukua karatasi. Dadako ataipiga picha akutumie, na ukishindwa na mwandiko wangu hiyo shauri yako, kusoma nilikulipia.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Hatukuwa na masikio ya ajabu. Tulisikia kidogo kuliko unavyosikia wewe. Wewe maneno yote umeandikiwa kwenye simu na sauti imekuja safi kama maji ya chupa. Sisi tulikuwa na nakala ya nakala ya nakala. Albamu ilitoka Marekani mwezi wa Aprili 1994. Kwangu ilifika mwaka uliofuata, mfukoni mwa mwanafunzi wa chuo aliyerudi likizo kutoka Nairobi, kaseti haina hata jalada, juu imeandikwa kwa biro "NAS" na chini yake "USIFUTE". Alikuwa amenakili kwa rafiki, rafiki naye kwa binamu yake. Kila ukinakili kaseti unaongeza ule mvumo wa shhh, kama mafuta yakianza kushika moto kwenye karai. Ilipofika Kibuye, ngoma zilikuwa zinasikika kama mtu anayebisha mlango wa jirani.

Kibanda chenyewe hukukikuta. Kilikuwa cha mabati, upana wake ukinyoosha mikono unagusa pande zote mbili. Deki moja ya kaseti mbili, redio ndogo ya akiba, na kopo la vifaa: biro za kuzungushia kaseti, mkasi, selotepu, pamba na spiriti ya kusafishia kichwa cha deki. Mteja akikosa pesa ya kaseti tupu alileta ya mahubiri, au ya nyimbo za Krismasi, mali ya mamake. Hizo za dukani zilikuwa zimevunjwa vile vipembe viwili vya mgongoni ili zisirekodiwe tena. Unaziba mashimo kwa selotepu, mchezo umekwisha, mahubiri yamekwenda. Ukiniuliza kama kazi ile ilikuwa ya haki, haikuwa. Aliyeimba hakuona hata senti yetu. Wakati ule sikulala macho kwa ajili hiyo, nilikuwa na karo ya wadogo zangu.

Sasa nisikilize hesabu, maana jibu langu karibu lote limelala humo. Illmatic ni nyimbo kumi, ya kwanza ikiwa ni ufunguzi tu, na zote pamoja hazifiki dakika 40. Kaseti ya 90 ina dakika 45 kila upande. Kwa hivyo albamu nzima iliingia upande mmoja, toka mwanzo hadi mwisho, na nafasi ikabaki. Hakuna kugeuza, hakuna kuruka. Kuruka wimbo kwenye kaseti ni kubahatisha, unabonyeza mbele, unaachia, umepita, unarudi, na kila mara unaila betri. Watu walikuwa wavivu wakaiacha iende. Ndiyo maana waliisikia kwa mpangilio wake, mara mia, wakipiga pasi, wakifua, wakitengeneza baiskeli.

Ya 60 ndiyo iliyoleta balaa. Upande mmoja ni dakika 30, na dakika 30 za albamu hii huisha katikati ya wimbo wa nane. Siku moja kijana mrefu mwenye shati la kazi alinijia ameshika kaseti kama mtu aliyeuziwa maziwa yaliyoganda. "Dada, huyu mtu umemkata akiongea." Nikamwonyesha daftari langu: alikuwa amechukua ya 60 ili aokoe shilingi 20, na upande wa pili alitaka benga ya D.O. Misiani. Nikamwambia ameweka wageni wawili kitanda kimoja, asishangae mmoja akidondoka. Akarudi kesho yake na kaseti ya 90. Wiki iliyofuata akarudi hana kaseti yoyote. Huyo ndiye mzee wako. Mpaka leo wimbo wa nane ukipigwa popote, hunyamaza pale pale palipokatika, kisha ananitazama.

Yuko hapa kando yangu sasa hivi na anasema nikuandikie kwamba Misiani anamshinda Nas saa yoyote. Nimemwambia asubiri barua yake.

Turudi kwa swali lako. Maoni ya watu ulitaka, na mimi niliyasikia yote, kwa sababu mteja akirudi huwa na la kusema.

Madereva na makanga hawakuipenda. Makanga mmoja wa njia ya Kondele alinirudishia siku hiyo hiyo akasema haina mchuzi. Alitaka besi ya kutikisa vioo na kibwagizo ambacho abiria wataitikia, na Nas hampi mtu kibwagizo cha burebure. Vijana wengi walikuwa wa Tupac, roho na mwili, na kwao huyu alikuwa anasema na ukuta. Nisikudanganye kwamba Kisumu nzima ilisimama. Huko kwao pia haikusimama kwa pesa. Jarida la The Source liliipa alama kamili, maikrofoni tano, jambo lililokuwa nadra mno, lakini dukani ilienda polepole, ikaishia nafasi ya 12 katika chati kubwa ya Marekani, na hati ya milioni moja haikupata mpaka mwaka 2001. Kwa hivyo huyo wa kinyozi anayesema kila mtu aliipenda tangu siku ya kwanza, mwambie akae chini. Sifa zilitangulia, mauzo yakafuata kwa mguu.

Walioipenda waliipenda kwa sababu ambazo hazifanani hata kidogo.

Kulikuwa na mwalimu wa Kiswahili, mtu wa mashairi, aliyekuja kurekodi taarab kwa ajili ya mkewe. Nas alikuwa akilia kwenye deki. Mwalimu akasimama na kichwa ameinamisha upande. Kiingereza kile cha mtaani hakikuwa kinamwingia zaidi ya kilivyoniingia mimi, lakini vina alivisikia. Akaomba daftari langu la madeni, nikachezesha mistari miwili, nikasimamisha, nikarudisha, naye akawa anatia duara kila mahali sauti inaporudi. Mistari miwili ikapata duara saba. "Sisi," akasema, "tunaweka kina cha kati na kina cha mwisho, tunajiona tumefanya kazi. Huyu anavitia kama mtu anayeshona kanzu, halafu mshororo wenyewe ni mshata, maana yake inamwagikia mshororo unaofuata." Wimbo huo ulikuwa wa pili, ule ambao kabla hajaanza anasikika akinung'unika kwamba hajui aanzie wapi. Kisha anaanza, na hapumui. Alikuwa kijana wa miaka 20 tu. Nilikuwa nimeusikia wimbo huo pengine mara hamsini bila kujua kwamba ninasikia vina. Nilidhani ni kasi.

Baada ya hapo nikaanza daftari la maneno. Nasimamisha, naandika, narudisha. Mengi niliyaandika vibaya. Niliyafungua tena juzi nikilinganisha na yaliyo kwenye simu ya dadako, nikaona aibu peke yangu jikoni. Kuna mstari mmoja nilioupenda miaka mingi na kumbe hausemi hivyo kabisa. Wangu ni mzuri zaidi, lakini hiyo ni siri ya humu ndani.

Kitu ambacho hakikuhitaji daftari ni ule ufunguzi. Umeuruka, nakujua. Rudi. Kabla ya chochote unasikia treni ikipita juu kwa mlio wa chuma, halafu watu wanabishana. Ni treni ya New York, na sauti za filamu moja ya zamani ya hip hop. Lakini Kisumu, baba, treni ni mama wa mji. Reli ilifika hapa mwaka 1901 ikitokea Mombasa, ikapitia huko huko Nakuru unakokaa, na miaka hiyo ya kaseti garimoshi la abiria lilikuwa bado linakuja. Wateja watatu, si mmoja, waliniuliza kwa nini nimerekodia karibu na stesheni. Huyo mtu anaimba mtaa wa Queensbridge, nyumba za serikali karibu na daraja la Queens, majengo 96, zaidi ya nyumba elfu tatu, ndio mtaa mkubwa kuliko yote ya aina hiyo Marekani. Sisi tukimsikiliza tulikuwa tunaona Arina na Makasembo: nyumba za baraza, kila mtu anajua nani amerudi usiku na nani hakurudi. Labda tulijipendekeza, maana Arina haikuwa na bunduki zile. Lakini treni ilikuwa yetu.

Halafu kuna wimbo wa tisa, ambao mwishoni wanaita majina ya watu wa mtaa wao, mmoja baada ya mwingine. Wa Nairobi huenda waliona ni kelele. Hapa hakuna aliyeuliza maana. Umehudhuria ohangla, ngoma ya Kijaluo, umeona mtu akisimamisha muziki, anatoa noti, anajitaja, anamtaja mama yake, na kijiji, na ng'ombe wa babu yake. Ni pakruok tu, kule kujitaja na kujisifu. Wamevaa buti, ndiyo tofauti.

Sasa wa saba. Hapa nitakaa kidogo.

Wimbo wa saba unaitwa One Love na ni barua. Yeye yuko nje, marafiki wako gerezani, anawaandikia habari za nyumbani: mtoto amezaliwa, nani anatembea na nani, nani amemgeuka nani. Hakuna kulia wala kuhubiri. Mwishoni anakutana na mtoto wa miaka 12 aliyeshaingia biashara ile ile iliyowaweka wenzake ndani, wanakaa pamoja, anaongea naye, anaondoka. Basi. Wakati ule nilikuwa na mteja, mshona viatu, kaka yake amefungwa Kodiaga. Aliponisikia nikimweleza wimbo unasema nini, aliomba upande mzima wa kaseti ya 90 uwe wimbo huo peke yake. Nikamwambia anaharibu pesa. Akasema za kwake. Uliingia mara nane, wa tisa ukakatika. Miezi mingi baadaye nikampitia kibandani kwake nikakuta redio inaucheza kwa sauti ya chini, naye ana karatasi gotini juu ya ubao wa kukatia soli, anaandika. Alikuwa anaandikia kaka yake. Akaniambia huwa hajui aseme nini kwenye barua, anaishia kusalimia tu, lakini wimbo ukiwa unalia anakumbuka kutaja vitu vidogo vidogo: jirani ameezeka upya, mbwa amezaa. Sikumwambia chochote. Nilichukua viatu vyangu nikaenda.

Ukiniuliza albamu hii ni nzuri kiasi gani, mimi huanzia kwa mshona viatu yule. Si kwenye jarida.

Na wimbo huo huo ndio uliomsimamisha mzee mmoja muuza kamba za katani, mtu wa Malaba. Chini ya ngoma kuna kitu kinalia kama matone ya maji kwenye debe, kinazunguka, hakichoki. Mzee akatua mzigo. "Nani amewapa akogo?" Tukacheka. Akakasirika. Akatuonyesha kwa vidole gumba, hivi na hivi, jinsi Wateso wanavyopiga zile ndimi nyembamba za chuma juu ya kibao. Tulimwona mzee wa watu amechoka na jua. Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba hakukosea sana: Q-Tip, aliyeutengeneza wimbo huo, aliuchukua kwenye rekodi ya jazz ya Heath Brothers ya miaka ya sabini, na humo ndani Stanley Cowell anapiga mbira, ndugu yake akogo. Kifaa cha Afrika kimevuka bahari, kimeingia jazz, kimeingia hip hop, kimerudi Kibuye ndani ya kaseti yenye mvumo, na mtu pekee aliyekitambua tukamcheka. Ningekuwa na namna ningemwomba radhi.

Maoni mengine nitayapita haraka. Kinyozi jirani yangu alipenda wa mwisho tu, kwa sababu alimsikia Michael Jackson ndani yake, na alimsikia sawasawa. Msichana wa saluni alipenda wa nne kwa ajili ya piano. Ni ya Ahmad Jamal, na Pete Rock ndiye aliyeiokota. Hilo nalo ujue: siku zile albamu ya rap kwa kawaida ilikuwa na mtengenezaji mmoja, kama sufuria na mpishi wake. Huyu kijana alipikiwa na wakubwa watupu, DJ Premier, Large Professor, Pete Rock, Q-Tip, na L.E.S. wa mtaani kwake. Na bado haina ladha ya pilau lililopikwa na watu watano.

Mimi mwenyewe nina malalamiko. Wimbo wa nane, hata ukiwa mzima, ni wa kujaza nafasi; mzee wako hakukosa kitu, ila ukimwambia hivyo anaona unaifuta historia ya ndoa. Na jinsi wanawake wanavyotajwa humo sikupenda wakati ule na sipendi sasa. Jina la wimbo wa tatu siliandiki kwenye barua ya mama. Nilipokuwa na mimba yako nilikuwa nikiusikiliza wimbo huo nimegeuza redio iangalie ukuta, kana kwamba ungesikia nusu. Mtu anaweza kukupigia vina saba kwenye mistari miwili na bado awe na ulimi unaohitaji kuoshwa. Usikubali mtu wa kinyozi akulazimishe kuchagua moja.

Lakini ni wimbo huo huo wa tatu wenye kitu ninachotaka ukisikilize kuliko vyote. Ukifika mwishoni, maneno yamekwisha, ngoma bado inatembea, tarumbeta inaingia. Taratibu, kama mtu mzima anayepita uani akakuta vijana wanaongea, asiwaingilie. Inapiga kidogo, wimbo unafifia nayo. Kwenye kaseti yetu ilisikika kwa mbali sana. Mzee wako aliamini kabisa kwamba nilirekodi juu ya kaseti ya bendi ya Jeshi la Wokovu na nikashindwa kuifuta vizuri. Tulibishana kuhusu hilo kabla ya posa na baada ya posa.

Wewe ulikuwa umeshaanza shule nilipokaa kwenye saiba moja mjini, natafuta mambo mengine kabisa, nikapata habari za tarumbeta ile. Aliyeipiga ni Olu Dara, mwanamuziki wa jazz kutoka Natchez, Mississippi. Na jina kamili la Nas ni Nasir bin Olu Dara Jones. Soma tena. Bin. Kama mtu wa Lamu. Jina lenyewe lilikuwa limesema muda wote na sisi hatukuwa na jalada la kulisoma. Ni babake. Kijana ameacha shule darasa la nane, yuko studio na wenzake, anaimba na rafiki yake AZ kwamba maisha hayana huruma na mtu anakufa tu, na baba anakuja na tarumbeta. Hamkemei, hasemi neno. Anapiga kipande chake mwishoni.

Nililipia dakika kumi zaidi nikakaa tu mbele ya kompyuta.

Nilipomsimulia mzee wako jioni ile, alinyamaza muda mrefu kwa mtu anayependa kubisha kama yeye. Kisha akasema, "Kwa hivyo si Jeshi la Wokovu." Akachukua ile kaseti ya 60, akarudisha mpaka wimbo wa tatu kwa biro ili asimalize betri, akasikiliza mwisho ule mara mbili. Kabla ya hapo alikuwa akisema albamu hii ni ya watoto. Baada ya hapo anasema ina sekunde kadhaa za watu wazima. Hayo ndiyo maoni yake rasmi na amenisimamia hapa niyaandike kama yalivyo.

Kuhusu kama ndiyo bora kuliko zote, sina shauku na mashindano hayo. Ninachoona ni kwamba sifa ile ilimponza mwenyewe. Albamu yake ya pili, mwaka 1996, iliingia chati moja kwa moja nafasi ya kwanza, ikauza kuliko hii, na watu wakamwambia amejiuza. Tangu hapo kila anachotoa kinawekwa kando ya alichofanya akiwa na miaka 20. Jaribu kufikiria kila simu unayotengeneza ikilinganishwa na ile ya kwanza uliyofanikiwa kuiwasha. Heshima zimekuja, siwezi kukataa: mwaka 2013 Harvard walianzisha ufadhili wa utafiti wenye jina lake, 2014 akaiimba albamu yote na okestra kubwa ya Washington, na 2021 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaitia kwenye orodha ya rekodi za kuhifadhiwa. (Darasa la nane hilo usinitolee mimi. Diploma yako bado naidai.)

Basi fanya hivi. Usiisikilize kitandani, ndiyo maana ulilala. Subiri siku una kazi ya mikono ya dakika 40, kusafisha bodi za simu au kufua mashuka yako kama unayafua. Weka simu mahali kidole hakifiki. Anza na treni. Ukichoka wimbo wa nane, vumilia, nimekwambia. Maneno usiyasome mara ya kwanza. Sikia tu sauti zinaporudi, kama mwalimu yule. Mara ya pili soma wa saba peke yake. Ukimaliza na bado huoni kitu, nitakuamini, na utakuwa upande mmoja na makanga wa Kondele, ambaye alikuwa mtu mzuri tu.

Jambo moja la mwisho, na hili ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu. Deki ipo, imefunikwa kitambaa juu ya kabati. Inawaka taa lakini haizungushi. Nimeifungua: mkanda wa mpira ndani umeoza ukawa kama lami, umenichafua mpaka kwenye kucha. Fundi wa hapa aliyekuwa na mikanda hiyo amehamia simu kama wewe. Ulizia hapo Nakuru kabla hujaja Pasaka. Si ule bapa, ni mwembamba wa mviringo. Nimezungusha uzi palipokuwa na mkanda, nikaukata, nikaubandika hapa chini kwa selotepu ili upime. Dadako anasema kwenye picha uzi hautapimika. Nimemwambia aweke rula kando.

Mama